Wafuaji wa Hatua ya Kwanza

"Mama Venansi, hivi nyie wa dobi pale hospitali ya wazazi, mwaka wa kumi na nne huu mnafua mashuka, mbona kila asubuhi bado mnafundishwa kufua?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu, mama Tumsifu, huku akianua mahindi. Nikamwambia ni swali zuri, alipeleke kwenye maegesho. Hakunielewa. Yeye ni mkulima, na wakulima wa nchi yetu walikuwa bado hawajawezeshwa, kwa hiyo hakujua kwamba maegesho ni karatasi inayobandikwa ukutani, ambapo swali zuri huandikwa ili lisijibiwe. Jibu lake nimeliweka hapa. Nimesoma hadi darasa la saba, sina maneno makubwa, na Mungu ni shahidi wangu kwamba sikuongeza kitu. Hakukuwa na haja ya kuongeza.

Jina la nchi yetu silitaji, maana lilipelekwa kwenye kamati ili liboreshwe na halijarudi. Inatosha kusema ina Wizara ya Uwezeshaji, na wizara nyingine zote ni vitengo vyake, isipokuwa ile ya maji, ambayo ilifutwa baada ya kuonekana kwamba maji hayahudhurii semina. Sheria yetu inasema watu wanne au zaidi wakifanya kazi pamoja lazima wawe na mwezeshaji. Watatu wanaruhusiwa kuendelea, kwa tahadhari. Mazishi yalisamehewa kwa mwaka mmoja, na tangazo la msamaha huo lilisomwa redioni kwa sauti ya huruma.

Jambo lenyewe lilianza vizuri, nisilisingizie. Alikuja mwalimu mgeni, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya vumbi, akazungumza nusu saa tu. Alisema kikundi kipya kishikwe mkono kionyeshwe. Kikianza kujua, kiulizwe badala ya kuambiwa. Kikijua kweli, mwezeshaji akae kando, kisha aage, aende kwingine anakohitajika. Mimi nilimwelewa papo hapo. Ndivyo nilivyowafundisha wanangu kusonga ugali: kwanza mkono wangu juu ya mwiko, baadaye mdomo wangu tu, mwisho nikaenda zangu kanisani nikijua nikirudi nitakuta ugali. Lakini mimi sina shahada. Wenye shahada walikaa miezi kumi na mmoja kwenye hoteli kando ya ziwa, wakilitafakari neno "aage".

Wakatoka na Kiti.

Waraka ulisema kwamba mwezeshaji atabadilika kadiri kikundi kinavyokomaa, na mabadiliko hayo yatapimwa kwa futi. Hatua ya Kwanza, kiti chake kiwe mbele, kimegusa meza ya kazi. Hatua ya Pili, kirudi nyuma futi sita. Ya Tatu, mlangoni. Ya Nne, kiti kitoke nje na mwezeshaji aondoke nacho. Kila robo mwaka mpimaji alizunguka nchi nzima na futi kamba. Mwezeshaji anasema nini, anafanya nini, anajua nini, waraka haukugusa, kwa sababu futi kamba haifiki huko.

Na katika nchi nzima hakuna aliyewahi kuona kiti kikitoka nje. Sababu yake ni ndogo hadi naona aibu kuiandika: kiti kikitoka, cheo kinakufa, na gari linarudi wizarani.

* * *

Sisi wa dobi tulikuwa wanawake saba. Kiongozi wetu alikuwa Leokadia, mtu wa maneno machache, vidole vimechubuka kwa klorini, ambaye ukimpa shuka stoo gizani anakuambia limetoka wodi gani. Wa maneno mengi alikuwa Dafrosa, na huyo alituongelea sote.

Kazi yetu mtu yeyote anaielewa. Mashuka ya wodi ya wazazi lazima yafike wodini kabla ya saa nne asubuhi. Yasipofika, mama anayeingia analala juu ya plastiki ya godoro, pamoja na kile alichokiacha mwenzake aliyetoka. Sitaeleza zaidi, wengine mnasoma mkila.

Mwaka ule Leokadia alikuwa na lake. Binti yake Imelda alikuwa na mimba ya kwanza, na angejifungulia palepale, kwani watu wa hali yetu hatuna pengine. Mwezi uliotangulia wazazi watatu walishikwa homa waliyoiokota kwenye magodoro yale, na mmoja hakurudi kwake. Leokadia alituambia mara moja tu, tukiwa tunakamua: "Imelda hatalala kwenye plastiki. Tufike Hatua ya Nne, huyu bwana aende zake, sisi tufue."

Huyu bwana alikuwa Bwana Kanuti, Mwezeshaji Daraja la Pili. Mtu msafi mno. Hajawahi kufua hata leso, na leso zake tulimfulia sisi. Alifika saa mbili, akaketi kwenye kiti kilichogusa karai kubwa, akakunja miguu ili isimwagikiwe, akaanza na kufahamiana.

"Jina lako, na mnyama unayejifananisha naye."

"Dafrosa. Punda. Kama jana."

"Na jana ulijifananisha na nani?"

"Punda."

"Tumpigie makofi ya mvua."

Tukampigia. Mimi ndiye niliyesimamia ubatizo wa watoto wawili wa Dafrosa, lakini nilimpigia makofi kama mtu niliyekutana naye mlangoni. Baada ya hapo tukaandika matarajio yetu na hofu zetu kwa kalamu nene za rangi kwenye bango kitita. Tukapitisha kanuni za ukumbi. Tukachagua mtunza muda. Mtunza muda alitutangazia kwa uaminifu kwamba saa nne imefika, na karai lilikuwa bado kavu.

* * *

Kuna jambo ambalo kila mwanamke aliyeanza kuona siku zake analijua, hahitaji kwenda shule: damu inaanza na maji ya baridi. Ukiipa maji ya moto inashika kwenye uzi, haitoki tena. Lakini Mwongozo wa Kufua, Toleo la Washiriki, uliandikwa na wanaume wanne na mshauri, na ulisema kila kitu kianze na maji yanayochemka.

"Bwana Kanuti," alisema Leokadia, "haya ni ya wodi ya wazazi. Tuyaloweke kwanza."

"Leokadia, uzoefu wako nauheshimu. Ila uzoefu ni adui wa kujifunza. Mko Hatua ya Kwanza. Hatua ya Kwanza mnaelekezwa."

"Yataharibika."

"Tutajifunza kwa pamoja."

Tukachemsha. Mashuka arobaini. Yalitoka yana mabaka ya rangi ya kutu, na harufu iliyopanda na ule mvuke iliniingia kooni, nikatoka nikatapika nyuma ya tangi. Niliporudi Bwana Kanuti alikuwa amejifunika pua kwa leso, anauliza washiriki wamejifunza nini. Dafrosa akasema, "Tumejifunza kuchemsha damu." Bwana Kanuti akaliandika hilo kwenye bango kitita, akalipigia mstari.

Mashuka yale yakachanwa kuwa matambara ya sakafu. Hospitali ilikuwa na mashuka sitini na mawili, yakabaki ishirini na mawili. Bwana Kanuti akapata barua ya pongezi kutoka wizarani, yenye kichwa cha habari: Kujifunza kwa Vitendo.

* * *

Kisha wizara ikagundua kwamba wawezeshaji wanakaa mbele tu, hawabadiliki. Ikatoka amri kwamba kila mmoja aonyeshe mitindo yote minne, mmoja kwa kila hatua, kila wiki, na mpimaji atapita. Bwana Kanuti akaitii amri kwa moyo wote. Jumatatu alielekeza. Jumanne alikuja na sauti nyingine, laini, kama ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Leo naja kwa mtindo wa kuuliza. Leokadia, mbele yako kuna shuka lenye damu. Unajisikiaje?"

"Najisikia kulilowesha."

"Usikimbilie jibu. Kaa nalo."

"Nikikaa nalo linakauka."

"Na likikauka, hilo linakuambia nini kuhusu wewe?"

Leokadia alilikunja lile shuka, midomo ikimcheza. Ninamfahamu, alikuwa anamwombea, au kinyume chake.

Jumatano ilikuwa ya kutia moyo. Alisimama mlangoni akisema "mnaweza, mnaweza" hadi saa sita, na kwa kuwa alikuwa ameziba mlango hatukuweza kutoka kuanika.

Alhamisi alitutangazia kwamba anakasimu. Alisimama, akafungua mikono kama padre kwenye altare, akasema, "Leo ninawakabidhi mamlaka yote. Chumba ni chenu. Maamuzi ni yenu. Mimi sipo." Akaketi palepale.

"Asante," alisema Leokadia. "Tupe ufunguo wa bomba."

"Ufunguo unabaki kwangu."

"Sasa mamlaka tuliyopewa ni ya nini?"

"Mamlaka ni ya ndani. Ufunguo ni kifaa cha serikali."

Dafrosa akaniuliza kwa sauti ya chini kama mamlaka ya ndani yanatoa povu. Nikamwambia nyamaza, tusije tukarudishwa kwenye kufahamiana.

* * *

Mungu hamtupi mja wake. Bwana Kanuti aliitwa kwenye semina ya wawezeshaji, wiki mbili, hoteli ileile ya ziwani, mada ikiwa Jinsi ya Kutambua Kikundi Kilichoiva. Katika haraka ya kufungasha akausahau ufunguo mezani.

Wiki mbili hizo sikuzisahau katika sala zangu. Tulifika saa kumi na mbili, tukaloweka kwa baridi, tukafua, tukachemsha mwisho kama inavyotakiwa. Hakuna aliyemwambia mwenzake fanya hivi. Mmoja akimaliza kukamua, mwingine ameshashika ncha ya pili. Saa tatu mashuka ishirini na mawili yapo wodini, yana joto la pasi. Tulikuwa tunayafua mara mbili kwa siku ili yatoshe. Nesi Gaudensia wa wodi ya wazazi alikuja mwenyewe kutushukuru, akasema wiki mbili hakuna homa. Leokadia aliinama kwenye karai, lakini nilimwona akitabasamu. Imelda alikuwa amebakiza kama siku ishirini.

Bwana Kanuti aliporudi, amenawiri kwa samaki wa ziwani, alikuta chumba kinakwenda. Alizunguka polepole. Akagusa shuka. Akanusa. Kisha akakaa akaandika taarifa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyetumwa kuipeleka ofisini, niliisoma njiani, Mungu anisamehe. Iliandikwa: "Kikundi kimerudi nyuma hatua mbili. Washiriki hawaoni tena haja ya mwezeshaji, jambo ambalo kitaalamu ni dalili ya utoto. Wanafanya kazi bila kujadiliana. Kelele za furaha zimesikika. Inapendekezwa waanze upya."

Akachukua na ufunguo.

Niliwasomea wenzangu. Leokadia alifuta mikono, akasema sheria inaruhusu kikundi kuomba kupimwa na kamati ya wizara, basi tuombe. Mimi nikaandika barua, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba. Tulijibiwa baada ya siku kumi na tisa. Kamati itakuja Ijumaa.

* * *

Ijumaa hiyo, alfajiri, Imelda alishikwa na uchungu. Leokadia alimfikisha wodini, akamwacha mikononi mwa nesi Gaudensia, akaja kazini akiwa amevaa kanga ndani nje. Alitaka kufua. Akakuta bomba limefungwa.

"Leo hakuna kufua," alisema Bwana Kanuti, amevaa suti mpya. "Kamati inapima kikundi. Kazi inaweza kuathiri matokeo."

"Na yale ya jana tuliyoyapiga pasi? Nipe hayo niyapeleke."

Bwana Kanuti akatuonyesha kwa mkono. Mashuka ya jana, ishirini na mawili yote, yalikuwa ukumbini. Manane yametandikwa kwenye meza kuu, mawili mawili ili meza iwe na heshima, yamebanwa kwa pini na riboni. Mengine yamevalishwa viti vya wageni, yamefungwa mafundo nyuma. "Hospitali haina vitambaa vya meza," alisema. "Tutayarudisha baada ya kikao."

Kamati ilifika saa tano. Ilikuwa ya wajumbe tisa chini ya Mheshimiwa Naibu Waziri wa Uwezeshaji Endelevu, na kwa kuwa tisa ni zaidi ya wanne, nayo ilikuwa na mwezeshaji wake. Niliona kiti chake kimegusa meza kuu. Kamati ile ilikuwa na miaka mitatu, na ilikuwa Hatua ya Kwanza. Ikabidi kwanza wafahamiane. Mheshimiwa alijifananisha na simba. Wajumbe wote wakawa simba, isipokuwa katibu, ambaye kwa busara alikuwa chui.

Kisha wakala. Sikuwahi kuona watu wakila namna ile. Ilikuwa chai ya saa nne iliyochelewa, kwa hiyo waliila kwa uchungu: kuku, sambusa, mishikaki. Mjumbe mmoja alimaliza paja, akatafuta pa kufutia vidole, akavuta ncha ya shuka iliyoning'inia mbele yake, akafuta kidole kimoja kimoja. Mwingine akatemea mfupa juu ya shuka. Mchuzi ukatambaa. Sisi saba tulisimama ukutani tukiutazama ule mchuzi unavyotambaa kwenye shuka ambalo jana tulilikamua mara tatu, na wodini, hatua mia kutoka pale, watu wamelala juu ya plastiki. Nilishika rozari mfukoni, nikashindwa kuendelea na fumbo la kwanza.

Mheshimiwa alisimama, akapangusa midomo.

"Ndugu washiriki," alisema, "serikali yenu inawapenda. Inawapenda kiasi kwamba haiko tayari kuwaacha peke yenu na ujuzi wenu. Ujuzi ni kama moto. Mtoto haachwi na moto. Lakini pia mtoto hukua. Na akikua, haachwi vilevile, maana sasa moto wake ni mkubwa zaidi." Wajumbe wakapiga makofi ya mvua. "Swali ni moja tu. Je, mnamhitaji mwezeshaji?"

Dafrosa akaninong'oneza, "Tukisema ndiyo, sisi ni watoto. Tukisema hapana, tuna kiburi cha kitoto."

Leokadia akajibu, "Mheshimiwa, alipokuwa semina mashuka yalifika wodini saa tatu. Alipokuwepo hayakufika. Mimi sina jibu jingine."

Katibu akapekua fomu, mbele na nyuma. "Jibu hilo halina kisanduku," alisema.

Wakainamiana vichwa. Mwezeshaji wa kamati akawagawa katika makundi madogo madogo. Wakarudi, wakabandika karatasi. Ilikwenda hivyo karibu saa nzima, na muda wote Leokadia alikuwa akiutazama mlango.

Mlango ukafunguka. Alikuwa nesi Gaudensia, mikono wazi hadi mabegani, hana sweta yake ya kazi.

"Leokadia. Imelda amejifungua salama. Wa kike. Nimemfunga mtoto kwenye sweta yangu. Mama mtu yuko kwenye plastiki, na anavuja damu. Nahitaji mashuka."

"Tumepokea taarifa hiyo kwa furaha," alisema Mheshimiwa. "Katibu, iingie kwenye mengineyo." Akamgeukia Leokadia, uso umejaa wema na mafuta ya kuku. "Mama, una bahati maradufu leo. Kamati imeamua. Mmekomaa. Mmefika Hatua ya Nne, wa kwanza katika historia ya nchi. Na kwa kuwa ukomavu ni jambo nyeti, linalohitaji kulindwa usiku na mchana, tunawapa mwezeshaji wa ukomavu, wa kudumu. Bwana Kanuti amekubali. Gari atapewa jipya. Karibu utoe neno la shukrani."

Wajumbe tisa wakaacha kutafuna wamsikilize. Bwana Kanuti akainuka nusu, ameshaanza kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Leokadia alikwenda hadi meza kuu. Alichukua sahani ya Mheshimiwa akamshikisha mkono wa kulia. Akachukua bilauri, akamshikisha wa kushoto. Alifanya hivyo kwa wajumbe wote, mmoja mmoja, bila haraka, kama mama anayewagawia watoto, hadi wote tisa wakawa wamekaa wameshika vyombo hewani, hawana pa kuweka. Akachomoa pini. Mashuka ya juu, yenye mchuzi na mifupa, aliyakusanya kwa ncha zake nne nne, akampakatisha Bwana Kanuti kifuani, kwenye ile suti. Ya chini yalikuwa makavu, meupe. Aliyakagua kwa kiganja moja baada ya jingine, akayakunja manne yote kwa mikunjo ya wodi. Nesi Gaudensia alikuwa ameshakimbilia viti vya wageni, anafungua mafundo, na Dafrosa na mimi tukamfuata.

"Mama," alisema Mheshimiwa, sahani mkono huu na bilauri mkono huu, "kikao hakijafungwa."

Leokadia aliyaweka mashuka begani, akapita kati ya wajumbe na wawezeshaji wawili, akatoka kuelekea wodini.